Rota Mlangoni: Mwongozo wa Familia kwa Wanaofanya Kazi za Dharura Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari, matabibu, madereva wa magari ya wagonjwa na wapokea simu za dharura wanaoishi Dar es Salaam, pamoja na wenzi wao, kwa kuwa nusu ya yaliyomo hayatekelezeki bila wenzi hao. Kwetu tiba ya dharura bado ni fani changa. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mke wa mvuvi wa Kunduchi ana mama na bibi wa kumweleza jinsi nyumba inavyoendeshwa baba akiwa baharini usiku, ilhali mume wa muuguzi wa dharura mara nyingi hana mzee wa kumuuliza.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanga rota, yaani ratiba ya zamu, ya wauguzi, na migogoro ya nyumbani imenifikia mezani ikiwa imevaa sura ya maombi ya kubadilishiwa zamu. Nilichojifunza ni kwamba familia nyingi huzoea saa ndefu, na huzoea hata usiku. Kisichozoeleka ni kutojua. Mtoto aliyeambiwa tangu Jumatatu kwamba mama hatakuwepo Jumamosi hulia kidogo akaendelea na michezo yake, lakini aliyeahidiwa kupelekwa Coco Beach kisha akavuliwa nguo za kutokea mlangoni hukumbuka jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, mengi nitakayoeleza yanahusu kuifanya kazi isiyotabirika itabirike kadiri inavyowezekana kwa watu wanaokusubiri.

Rota iwe mali ya nyumba nzima

Katika vituo vingi rota hufika kama picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa pembe, yenye safu za majina na herufi ambazo hata wenyewe tunazikuza kwa vidole viwili ndipo tuzisome. Picha hiyo haina faida yoyote kwa mume, mke, bibi au dada wa kazi. Siku inapotoka, kaa chini uinakili kwa mkono kwenye karatasi kubwa, mstari mmoja kwa kila siku ya mwezi, kisha uibandike nyuma ya mlango wa jikoni au popote ambapo kila mtu hupita. Usiandike saa za zamu. Andika saa ya kutoka nyumbani na saa ya kufika nyumbani, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo nyumba huziishi. Anayekaa Chanika na kufanya kazi Hospitali ya Amana, zamu yake ya saa 1:30 asubuhi inaanza saa 11 alfajiri kituoni, na kama mvua za masika zimeanza, inaanza mapema zaidi. Kwa saa ya kurudi, ongeza saa nzima juu ya ile iliyoandikwa kazini, maana kukabidhi zamu katika idara ya dharura hakuishi kwa wakati: mgonjwa mmoja hubadilika hali wakati unamweleza mwenzako habari zake, na huwezi kumwachia jina tu ukaondoka.

Katika kila mstari weka pia jina la mtu mmoja anayewajibika kwa watoto siku hiyo. Jina moja, si mawili. Pale inapoandikwa "Baba au Shangazi", ndipo mtoto husahaulika shuleni hadi mlinzi anapopiga simu. Karatasi hiyo ikiwepo, dada wa kazi hahitaji kukupigia katikati ya zamu kuuliza kama utakula nyumbani, na mama mkwe aliyekuja kutoka Morogoro hatashangaa kukukuta umelala saa 5 asubuhi.

Jambo la pili kuhusu rota linamhusu anayeipanga. Maombi yanayonifikia kabla sijaichora nayatimiza kwa kalamu ya risasi na kifutio, lakini yanayonifikia baada ya kuidhinishwa yanamgusa mtu mwingine ambaye naye ana watoto. Chunguza kalenda ya shule, harusi za ukoo na kliniki za watoto mwanzoni mwa mwezi, kisha uombe siku mbili tu ambazo huwezi kuzikosa, ukieleza kwa nini. Anayeomba siku mbili husikilizwa. Anayeomba tisa huonekana hataki kazi. Siku hizo mbili ndizo utakazowaahidi watoto, na nyingine zote uzitaje kwa neno "nikijaliwa".

Kubadilishana zamu ni desturi nzuri ambayo imeokoa ndoa kadhaa, ila iandikwe na isainiwe na wote wawili, na kiongozi wa zamu ajulishwe, la sivyo siku mwenzako atakapougua utaonekana wewe ndiye mtoro. Katika jiji hili tuna utaratibu wa siku nyingi ambapo Wakristo hushika zamu za Idi na Waislamu hushika Krismasi na Pasaka. Kwa Idi, usiombe siku moja. Mwezi huweza kuandama usiku ambao hukuutarajia, kwa hiyo panganeni siku mbili zinazofuatana na mtu ambaye hana shida na yoyote kati ya hizo.

Sheria inavyogusa nyumba yako

Wengi wetu huifahamu miongozo ya matibabu kuliko sheria inayowalinda wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, zikilipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Zamu za saa 12 zinaruhusiwa pale penye makubaliano ya maandishi. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mfanyakazi anapaswa kupata mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Hesabu mwenyewe: anayemaliza zamu ya jioni saa 2:30 usiku na kutakiwa kazini saa 1:30 asubuhi amepata saa 11, na ukiondoa safari ya kwenda na kurudi Mbagala au Bunju, alichobakiwa nacho ni usingizi wa saa chache na watoto aliowaona wamelala tu. Mpangilio huo wa jioni kisha asubuhi ndio wa kwanza kuuzungumzia na kiongozi wako, kwani mara nyingi umewekwa kwa mazoea, wala hauhitaji mtu wa ziada kuurekebisha.

Sheria hiyohiyo inatambua kwamba kazi ya dharura isiyoweza kusubiri haifungwi na mipaka ya kawaida ya saa, kwa hiyo usiitumie kama ngao siku basi limepinduka. Itumie kwa rota ya kila mwezi, ambayo si dharura.

Kwa kinamama, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi hairuhusiwi katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, wala katika miezi 2 baada ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana angalau siku 3 ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na nimeona madereva wasiozidai kwa kudhani ni hisani ya bosi. Mtoto akiugua, au akifariki ndugu wa karibu aliyetajwa na sheria, kuna siku 4 zenye malipo. Siku hizo ni jumla ya mzunguko mzima wa likizo, si kwa kila tukio, hivyo zitumie kwa uangalifu. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa foleni zetu, kurudi nyumbani kunyonyesha na kuwahi kazini haiwezekani kwa wengi, kwa hiyo zungumza na kiongozi wako kama saa hizo zinaweza kuwa za kuondoka mapema, au zitumie kukamua maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa hayafai kuachwa kwenye joto la Dar es Salaam kwa saa nyingi. Yaweke kwenye friji, si ile ya dawa wala ya sampuli, ambamo yanaweza kukaa hadi siku 4.

Watumishi wa umma wana pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, na ofisi ya utumishi ya hospitali ndiyo ya kuuliza kuhusu posho na ruhusa. Kuhusu posho, neno moja: iliyocheleweshwa isipangiwe ada ya shule hadi iingie.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Mara nyingi kinachoila familia si zamu, bali ni kazi ya pili. Mtu ana ofu nane, yaani siku za mapumziko, kwa mwezi, na zote amezigawa kwa hospitali binafsi ya mtaani, halafu anasema idara ya dharura imemnyima muda wa watoto. Sisemi uache, kwani najua kodi za nyumba na bei za vyakula. Nasema kazi ya pili iandikwe kwenye karatasi ileile ya jikoni, kwa wino wa rangi nyingine, ili wewe na mwenzi wako muione kwa macho na mkubaliane mapema ni ofu zipi haziuzwi.

Saa ya kurudi nyumbani

Ugomvi mwingi huzuka katika dakika chache za kwanza. Aliyekuwa kazini anataka kimya, aliyekuwa nyumbani amemsubiri kwa hamu amkabidhi mtoto, na wote wawili wana haki. Dawa yake ni makubaliano yaliyofanywa siku ya ofu, akili zikiwa zimetulia, si mlangoni. Kubalianeni muda wa kuoga na kunyamaza, nusu saa inatosha, na baada ya hapo aliyerudi anapokea zamu ya nyumbani bila kusukumwa. Ukichelewa, tuma ujumbe mfupi wenye saa ndani yake. Ujumbe wa "nachelewa kidogo" ni sawa na kutotuma kitu. Andika hivi: "Baba Neema, tumepokea majeruhi, sitoki kabla ya saa 4. Usinisubiri, walaze watoto. Wali uko kwenye hotipoti." Naye ajibu "Sawa, Mama Neema" basi, bila kuuliza ni ajali gani na imetokea wapi.

Usirudi nyumbani na nguo za kazi. Badilisha hospitalini, weka sare kwenye mfuko wa kitambaa unaoweza kufuliwa pamoja nazo, na viatu vibaki nje ya mlango. Sare zifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto, zianikwe juani na kupigwa pasi, na anayezifua, hasa kama ni dada wa kazi, apewe glavu na aelezwe sababu. Watoto wafundishwe kwamba kumkumbatia mama kunakuja baada ya maji na sabuni. Wakizoea, wenyewe watakukimbiza bafuni.

Kulala mchana katika jiji la joto na kelele

Vitabu vinashauri chumba chenye giza, baridi na utulivu. Chumba cha kupanga Manzese mwezi Februari hakina hata kimoja cha hivyo. Ukifunga dirisha unapikwa; ukilifungua anaingia muuza aiskrimu na wimbo wake, gari la matangazo, na fundi wa jirani mwenye grainda. Anza na giza, kwa kuwa ndilo rahisi: kitambaa kizito cheusi kilichoshonwa kwa saizi ya dirisha na fundi cherehani yeyote. Kisha feni, ikiwezekana ya kuchaji, kwa sababu umeme hukatika, na anayeamshwa na jasho saa 6 mchana harudii usingizi. Vizibo vya masikio vinapatikana famasi. Njiani kurudi vaa miwani ya jua ili mwanga wa asubuhi usiuambie mwili kwamba siku imeanza, na acha kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu saa 6 hivi kabla ya kulala.

Kwa watoto, tumia alama wanayoweza kuiona. Nyumba moja ninayoifahamu hufunga kanga kwenye kitasa cha mlango wa chumbani: kanga ikiwepo, mama ametoka naiti, yaani zamu ya usiku, na hakuna kugonga, isipokuwa kwa mambo matatu ambayo watoto wameyakariri, yaani moto, damu, na mgeni mtu mzima asiyefahamika. Mtoto wa miaka minne wa nyumba hiyo huwasimulia wageni sharti hilo kwa fahari kubwa. Simu izimwe sauti, ikiachiwa namba moja tu, ya yule aliyeandikwa kwenye rota siku hiyo.

Baada ya usiku wa mwisho wa mfululizo, usilale mchana kutwa. Lala saa 2 au 3, uamke, uwe na watoto jioni, kisha ulale mapema pamoja nao. Siku hiyo ya kubadili mwili isihesabiwe kuwa ofu ya kuendea harusi Kibaha. Na aliyetoka naiti asiendeshe gari wala pikipiki yake mwenyewe. Panda mwendokasi au daladala, upate kusinzia kwenye kiti. Tunawapokea watu waliosinzia kwenye usukani, na tunajua wanavyofika.

Walioko nyumbani

Chagua shule iliyo karibu na nyumbani, si karibu na kazini, hata kama ile ya mjini ina jina zaidi. Rota hubadilika, na mtoto aliyefungwa kwenye njia yako ya kazini atasumbuka kila unapokuwa na zamu ya jioni au usiku. Dada wa kazi anayebaki na watoto usiku awe mtu mzima anayejua kupiga simu, kutaja mtaa na alama ya karibu, na anayejua jirani gani wa kumwendea kwanza. Mfanyishe zoezi kabla ya naiti ya kwanza, maana kueleza kwa mdomo hakutoshi. Mlipe kwa wakati. Pale wazazi wote wawili wanapofanya zamu, hakikisheni usiku wenu haugongani, na kama mko idara moja, mwambieni mpangaji wa rota waziwazi badala ya kutegemea kwamba anajua.

Majirani nao waelezwe. Mwanamke anayetoka nyumbani saa 12 jioni na kurudi asubuhi hupewa kazi nyingine na midomo ya watu, na maneno hayo humfikia mume kabla yako. Mume mwenyewe ndiye anayefaa kuyakata, kwa kusema barazani bila kuulizwa, "Mama Neema leo yuko zamu, mimi ndiye mpishi." Nimeona sentensi ya aina hiyo ikifanya kazi kuliko barua yoyote.

Majirani haohao ndio watakaokugongea usiku wa manane. "Sista, hodi, mtoto anadegedege." Huwezi kukataa, wala haifai, lakini weka mpaka ulipo: huduma ya kwanza, ushauri wa wapi waende, na msaada wa kupata usafiri. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura, wapigie namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ambayo haina malipo. Kwa moto na uokoaji ni 114. Usiweke sindano wala dawa za mishipa nyumbani. Ukianza kutundikia watu dripu sebuleni, watoto wako hawatakuwa na sebule tena, na siku mambo yakiharibika utakuwa peke yako.

Ndugu wa ukoo wana sura nyingine ya jambo hilohilo. Kila anayeugua hutaka upite naye mlango wa nyuma, na kila msiba na kikao cha harusi hutaka uwepo wako. Kwa mgonjwa, mwelekeze utaratibu na umtembelee ukitoka zamu, inatosha. Kwa misiba, mwenzi wako aende kuzika kwa niaba yenu wote, rambirambi itumwe siku hiyohiyo kwa simu, nawe uende siku ya ofu, hata kama ni wiki ya pili, ukae na mfiwa saa nzima wakati turubai limeshaondolewa na watu wamepungua. Wazee huisamehe zamu. Wasichosamehe ni ukimya.

Ajali ya sindano

Hili ni jambo la familia kuliko linavyoonekana. Ukichomwa na sindano iliyotumika au ukirukiwa na damu machoni, osha mara moja, toa taarifa, upimwe, na uanze dawa za kinga dhidi ya VVU haraka iwezekanavyo, kwani hazianzishwi baada ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Mwambie mwenzi wako siku hiyohiyo, kabla hajaikuta chupa ya vidonge kabatini na kuisoma vibaya, na mtumie kondomu hadi vipimo vya ufuatiliaji vikamilike. Anayenyonyesha amwambie daktari kabla ya kuendelea. Namna ya kusema ni hii: jambo limetokea kazini, nimeshaanza dawa, nimeandikwa kwenye daftari la taarifa za ajali, na vipimo vijavyo ni tarehe fulani, ukipenda, twende pamoja. Dhidi ya homa ya ini aina ya B kuna chanjo ya dozi 3, ya pili ikitolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza. Kamilisha zote kabla hujazihitaji.

Siku ya kuitwa ghafla

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Waliokumbuka jioni ya tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, walikuwa wanajua kwamba siku kama hiyo hufuta rota zote. Kila familia iwe na mpango wake: begi moja lenye nguo za kubadilisha, chaja, maji na pesa taslimu, mtu mmoja anayeweza kuwachukua watoto ndani ya nusu saa, ambaye ameshakubali kabla, na pesa kidogo kwenye simu ya mwenzi zisizoguswa kwa jambo jingine. Kubalianeni kwamba hakuna kupigiana simu ila kwa shida ya nyumbani, na kwamba aliye kazini atatuma neno "salama" kila anapopata nafasi ya kunywa maji. Kama hukuitwa, usikimbilie eneo la tukio kwa hiari yako. Subiri, kwa sababu zamu ya pili itahitaji watu waliolala.

Mafuriko nayo yapangiwe. Morogoro Road inapofungwa Jangwani, anayetoka Kimara kwenda mjini hana budi kuzunguka, na mwenzake anayesubiri kupokewa hawezi kuondoka. Aliye upande wa Kigamboni achunguze hali ya kivuko mapema, kwani daraja lipo tangu 2016 lakini njia yake ni ndefu kwa baadhi ya mitaa.

Yanayorudi nawe moyoni

Kuna zamu ambazo mtu haziachi getini. Kabla ya kuondoka, kaeni dakika chache na wenzako mlioshughulikia mgonjwa huyo, mseme kilichotokea na kila mmoja alichokiona. Wenzako wanaelewa bila kueleweshwa, na mzigo utakaofika nyumbani utakuwa umepungua. Nyumbani, mwenzi wako anahitaji kujua hali yako, si habari za mgonjwa. "Leo tumempoteza mtoto, nimechoka sana, naomba unikae karibu" ni kauli kamili. Jina, mtaa, picha na mambo ya familia ya mgonjwa havitoki hospitalini, hata kwa mke, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watoto waambiwe ukweli kwa kipimo chao: mama amehuzunika kwa sababu mgonjwa wake alikuwa mahututi, na si kosa lenu. Mtoto asipoambiwa hivyo hudhani amekukosea yeye.

Mwenzi ndiye huona dalili kwanza, hivyo apewe ruhusa ya kuzisema: usingizi usiopatikana hata siku za ofu, hasira kwa vitu vidogo, pombe inayoongezeka, ndoto zinazojirudia, au kutojali kabisa kilio cha mtoto. Zikiendelea kwa zaidi ya wiki 2, nenda ukamwone mtaalamu wa afya ya akili. Kwenda kwa sheikh au mchungaji ni kuzuri, na wengi hufarijika, lakini kusichukue nafasi ya matibabu.

Inaweza kufika wakati dharura na nyumba yako haviwezi kukaa pamoja kwa kipindi fulani, hasa katika mwaka wa kwanza wa mtoto, mzazi anapougua kwa muda mrefu, au mwenzi anaposafiri kikazi. Kuomba kuhamia kliniki za mchana au wodi nyingine si kushindwa, na wengi niliowaona wakihama walirudi baadaye. Andika barua kwa mganga mfawidhi kupitia kwa kiongozi wako wa idara, utaje sababu moja iliyo wazi, muda unaouomba kwa miezi, na jina la mwenzako aliye tayari kubadilishana nawe kama yupo. Barua isiyo na muda husomwa kama kuacha kazi, na isiyo na jina la mbadala hukaa mezani. Ipeleke mwanzoni mwa mwezi, kabla rota mpya haijachorwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.